Njia ya Kando ya Mto



Asubuhi, kabla jua halijapanda, twawaona wanafunzi wetu wa Likasi wakishika njia ya shule. Wengine waenda kwa miguu, wengine wawili wawili juu ya baiskeli moja. Pamoja nao wapita wauza makala, wakisukuma baiskeli zilizofungwa magunia. Na nyuma ya hao wote yaja magari makubwa ya madini, yatokayo upande wa Kolwezi na kuelekea Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka kwetu. Barabara ni moja kwa wote. Mwaka jana watoto wawili wa darasa letu walijitupa mtaroni pamoja na baiskeli yao ili kuliepa gari. Waliumia kidogo tu. Tulimshukuru Mungu, kisha tukaanza kuwaza.

Mji wetu umezaliwa na shaba. Reli na barabara zilichorwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya Panda na Shituru, wala si kwa ajili ya mtoto aendaye shule. Lakini mito ilikuwapo kabla ya hayo yote, na kando yake watu wamejikanyagia vijia bila kungoja amri ya mtu. Je, vijia hivyo haviwezi kuunganishwa, vikawa njia moja ya miguu na ya baiskeli?

Wengine wamekwisha kujaribu. Katika Nairobi, mwaka 2008, waziri John Michuki alianzisha kazi ya kusafisha sehemu ya mto iliyokuwa jalala karibu na katikati ya mji; sasa hapo pana bustani yenye miti na vijia, iliyopewa jina lake. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilianza kazi kubwa zaidi, ya kilomita 27 hivi za mto huo, pamoja na mabomba ya maji machafu na njia za miguu na za baiskeli. Na huko Seoul, Korea ya Kusini, walibomoa barabara kuu iliyokifunika kijito cha Cheonggyecheon, na tangu 2005 watu hutembea kando ya maji yake karibu kilomita 6.

Habari hizo zilitufurahisha mno. Tulichukua kalamu tukachora njia yetu, na siku moja tukateremka mtoni pamoja na wanafunzi na kamba ya kupimia. Tukamkuta mama mmoja akimwagilia lengalenga zake. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

«Mwalimu, njia yenu itapita wapi? Juu ya chakula cha watoto wangu?»

Hatukuwa na jibu. Mstari wetu uliikata bustani yake katikati.

Basi tulirudi nyumbani, tukasoma tena habari za Nairobi, safari hii bila haraka. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipowaua watu wengi, serikali iliwaamuru waliokaa ndani ya meta 30 kutoka mtoni wahame, na nyumba zikabomolewa. Jamaa hao waliahidiwa shilingi 10,000 kila mmoja. Nyumba hizo hazikubomolewa kwa ajili ya vijia, na amri ilikuwa na sababu, kwa maana mto huua. Walakini kila atakaye kujenga kando ya mto na akumbuke kwamba ukingoni hukaa maskini, na kwamba mtu aliyeondolewa bila kuonyeshwa mahali pengine hawezi kuiita kazi hiyo baraka.

Tena kuna jambo la maji yenyewe. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba walikuta kobalti nyingi mno katika mikojo ya watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Tukiwaleta watoto karibu na mto, watayachezea maji. Hayo twayajua sote tulio wazazi na walimu. Njia nzuri kando ya maji mabaya ni mtego. Kwa hiyo kazi ya kwanza si changarawe wala saruji. Ni kuyapima maji, na kuwadai wenye kuyachafua waache.

Kazi ya pili ndiyo njia yenyewe, nayo haihitaji makuu. Upana wa meta 3 watosha mtu na baiskeli kupishana. Udongo mwekundu na changarawe vishindiliwe vizuri, katikati painuke kidogo ili maji yateremke mitaroni. Njia ikae mbali na ukingo, kwa maana mvua zetu, tangu Novemba mpaka Aprili, hula udongo. Mianzi na majani ya vetiva yatasaidia kuushika kwa mizizi yake. Salongo ya Jumamosi moja yaweza kuondoa takataka nyingi, lakini madaraja yadai fedha na fundi, na hayo ni juu ya wakuu wa mji.

Tulirudi kwa yule mama. Tulimwomba atuonyeshe maji hufika wapi mwezi wa Februari, naye akatembea mbele yetu akichomeka vijiti. Mstari mpya wapita nyuma ya bustani, juu ya vijiti vyake. Ni mrefu kuliko ule wa kwanza, nao wazunguka zunguka. Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba si mnyofu kama ule wa daftarini.

Tulimjibu kwamba ule wa daftarini ulichorwa na watu wasiojua mto.

Ninyi wazazi, mwakani mtaulizwa habari za njia hii katika mitaa yenu. Msiseme «ndiyo» upesi, wala «hapana» upesi. Ulizeni kwanza swali la yule mama: itapita wapi?