INTANETI YA NYUMBANI NI YA NANI?

Katika insha zetu sote husema kizuri kula na nduguyo. Lakini hebu likizo ifike, laini ya intaneti iwe moja na tarakilishi ziwe mbili! Undugu hukatika kabla ya laini yenyewe.

Kwetu ipo tarakilishi ya mezani inayotumia Windows, mali ya kaka yangu mkubwa kwa maneno yake mwenyewe. Kipo pia kipakatalishi cha mtumba kinachotumia Linux, ambacho dada na mimi husomea. Kaka hushikilia ati mashine za aina mbili zikitumia laini moja huharibiana. Huo ni uzushi, jamani! Mashine hazihitaji kufanana, zinahitaji kusikizana. Lugha yao huitwa TCP/IP. ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ulihamia lugha hiyo tarehe 1 Januari 1983, na hadi leo mashine za kila kabila hupatana kwayo, kama Mluo na Mtaita wanavyopatana kwa Kiswahili sokoni Nairobi. Anayegawa ni rauta, kile kisanduku chenye vitaa. Huipa kila mashine anwani yake ya ndani, mathalani 192.168.1.2 na 192.168.1.3, ilhali huko nje nyumba nzima huonekana kwa anwani moja. Jibu likirudi, rauta hukumbuka ni nani aliyeuliza.

Basi ugomvi uko wapi? Uko kwenye kasi. Tuseme laini ni ya megabiti 10 kwa sekunde. Mchezo wa gigabaiti 50 utapakuliwa kwa muda wa saa 11 hivi, hata ukiachiwa laini yote. Karatasi ya marudio ya KCSE yenye megabaiti 2 haimalizi sekunde mbili. Laini ikigawanywa nusu kwa nusu, ni sekunde tatu na kidogo. Sasa niambieni, nani ataumia mwenzake akitangulia? Taabu ni kwamba programu za kupakua aghalabu hufungua njia nyingi kwa mpigo, na rauta ikiachwa hivi hivi haitofautishi mchezo na marudio. Anayevuta kwa nguvu ndiye hushiba. Mwingine atakodolea macho kiduara kikizunguka, na zoezi la Kemia linangoja.

Mimi nasema vitu vizito vipakuliwe usiku watu wakilala, na mchana mwenye kazi ya shule apishwe. Rauta nyingi zina mahali pa kupanga mashine ipi itangulie; funguo za hapo wakae nazo wazazi, si sisi. Na nywila ijulikane na wote! Kuificha kwa kuwa "mimi ndiye niliyeunganisha" ni ubwanyenye mtupu. Anayelipa kila mwezi ni mama, naye hana tarakilishi hata moja.

Wapo watakaosema mkubwa apewe zaidi kwa kuwa ni mkubwa. La hasha! Ukubwa haufanyi mtihani. Sisi watahiniwa tumebakiwa na likizo moja tu, na nasikia mchezo mwingine umeshatoka.