Upele: vitamini haiui mududu

Katika Kadutu ao Panzi, fasi watu wanane wanalala chumba kimoja na blanketi ni mbili, upele, ile gale yetu, haushangazi mutu tena. Na tangu vita ifike Bukavu mwezi wa pili 2025, jamaa nyingi zimepokea ndugu waliokimbia. Banki zilifungwa, franka ya farmasi ikakuwa shida. Kwa hiyo swali la dawa gani inunuliwe si la wanganga peke yao.

Wanasayansi wanasoma kitu wanachoita musongo wa oksidi. Mududu wa upele, asiyefika hata nusu ya milimita, anachimba ngozi na kutaga mayai ndani. Kinga ya mwili inamurushia kemikali kali za oksijeni, lakini zikipita kiasi zinaunguza hata seli zetu wenyewe. Huko India, watafiti wa mifugo walipima damu ya mbwa wenye upele: vimeng'enya vya kuzima moto huo vilikuwa vimepungua, na zinki pia.

Utafiti huu ni muzuri, lakini muuza vitamini atausikia nusu tu. Hausemi kwamba zinki ao vitamini C inaua mududu. Unaonyesha kwamba upele si mwasho wa juu ya ngozi tu, unagusa mwili wote. Mutoto asiyekula vizuri anahitaji chakula, ndiyo. Ila mududu atabaki palepale.

Kinachomuua ni benzoati ya benzili ao permetrini ya kupaka, ama ivermektini ya kumeza. Vidonge hivyo havigusi mayai, ndiyo maana vinarudiliwa kiisha siku 7 mpaka 14. Mama mwenye mimba na mutoto asiyefika kilo 15 hawapewi, wao wanapakwa. Na hapa ndipo jamaa nyingi zinapoteza franka: wanatibu mwenye kujikuna peke yake. Mutu aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 mpaka 6 bila kujikuna, huku anagawia wengine. Wote wa nyumba wanapashwa kutibiwa siku moja, nguo na mashuka vifuliwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo. Maji ya bomba yakikatika? Funga nguo ndani ya mufuko siku tatu na zaidi, mududu atakufa kwa kukosa ngozi.

OMS iliingiza upele kati ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017. Kabla ya hapo, Fiji ilishajaribu kugawa ivermektini kwa kila mutu kisiwani, mugonjwa na muzima, na matokeo yakatangazwa 2015: wenye upele walishuka kutoka 32 kwa mia mpaka karibu 2, ndani ya mwaka mumoja. Dawa hiyo ni ileile Mectizan inayogawiwa Kongo kwa ugonjwa wa upofu wa mito. Tunaijua basi. Kinachokosekana Bukavu ni mutu wa kuamua kutibu avenyu nzima, na wa kulipa.