Miaka 38 ya Holmes
Mashabiki wakianza kubishana kuhusu mabondia wa uzito wa juu, majina huja yaleyale: Ali, Foreman, Frazier, Tyson. Larry Holmes hutajwa kahawa ikishapoa, tena kwa lawama, kwamba alimpiga mzee. Ni kweli: Oktoba 1980, Las Vegas, alimchapa Muhammad Ali mpaka kocha wa Ali, Angelo Dundee, akakataa kumwachia atoke konani raundi ya 11. Ali alikuwa na miaka 38, na kila shabiki humtetea kwa umri huo. Haya, Januari 1988 Mike Tyson alimwangusha Holmes raundi ya nne, naye Holmes ana miaka 38 vilevile, hajapanda ulingoni karibu miaka miwili. Hapo umri hausemwi. Husemwa kwamba Tyson alikuwa moto! Mimi wabishi wa namna hii huwaomba waangalie pambano la Septemba 1979 dhidi ya Earnie Shavers. Raundi ya 7 linashuka konde la kulia, Holmes anakwenda chini kama gunia lililokatwa kamba. Anainuka akiyumba, macho hayapo, anaponea chupuchupu. Raundi ya 11 ni Shavers anayeokolewa na mwamuzi. Silaha ya Holmes ilikuwa ile ngumi ya kushoto ya kudokoa, inayorudi kabla hujajua imekufikia. Alitetea ubingwa mara 20. Alipopigwa na Michael Spinks mwaka 1985 alikuwa ameshinda mapambano 48 mfululizo, moja tu pungufu ya rekodi ya Rocky Marciano, kisha akamsema Marciano vibaya mbele ya waandishi. Mdomo huo, nadhani, ndio uliomponza kuliko ngumi za Spinks.