RAMANI YA DHAHABU WANAYO, YA ROHO ZETU IKO WAPI?

Usiku wa Agosti 12, 2020, saa 2 na dakika chache, Dar es Salaam ilitikisika. Waliokuwa maghorofani Kariakoo na Upanga walishuka ngazi mbio, wengine pekupeku, wengine na shuka kiunoni. Sisi tulikuwa kijiweni tunakunywa kahawa, mara vikombe vikaanza kugongana vyenyewe. Mmoja akasema ni bomu. Mwingine akasema ni lori. Mzee wetu muuza kahawa akasema ni mwisho wa dunia, akaanza kukusanya birika lake. (Alikuwa analipeleka wapi, mpaka leo hajatuambia.)

Lilikuwa tetemeko la ardhi lenye nguvu ya takriban 6, chini ya bahari, kusini mashariki ya jiji. Nani alituambia? Wamarekani! Idara yao ya jiolojia iliweka ukubwa wa tetemeko na mahali lilipotokea hadharani, bure, mtu yeyote duniani asome. Kijana wa Buguruni anajua habari za ardhi anayolalia kutoka ng'ambo ya bahari, wakati watawala wake wako kilomita chache, au Dodoma.

Msomaji, usidanganywe kwamba nchi hii haina wataalamu. Tunayo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, makao yake Dodoma. Kazi ya kupima na kuchora miamba ya nchi hii ilianza tangu enzi za Mwingereza, miaka ya 1920. Ramani zipo na zinauzwa. Mwenye mtaji akitaka kujua dhahabu ilipo Geita, atafungua mkoba, atapewa karatasi yenye rangi zote, na chai juu. Lakini mlalahoi aliyepanga chumba kwenye mteremko akiuliza udongo ulio chini ya kitanda chake ukilowa utakaa au utaondoka naye, nani atamjibu? Jiwe ni lile lile na elimu ni ile ile. Kinachotofautiana ni mfuko wa anayeuliza.

Wataalamu hatuwagombi. Wengi wao mshahara wao tunaujua, na magari yao ya kwendea porini tunayajua. Tunagombana na vigogo wanaoigeuza serikali kuwa siri kali.

Kimya hiki kinaua. Desemba 26, 2004, siku ya Jumapili, ardhi ilipasuka chini ya bahari kule Sumatra, Indonesia. Kwa saa zetu ilikuwa kama saa 10 alfajiri. Wimbi la tsunami lilivuka bahari nzima likafika pwani yetu mchana, zaidi ya saa 8 baadaye. Saa nane! Basi linatoka Dar linafika Dodoma, abiria anateremka, anatafuta chakula. Dunia nzima ilikwishaona kwenye televisheni maiti za Sri Lanka. Kenya habari zilipofika, waliwaondoa watu kwenye fukwe za Mombasa, na nchi nzima akafa mtu mmoja. Sisi tulipoteza watu wasiopungua 10, wakiwamo vijana waliokuwa wanaogelea tu sikukuu. Bahari ilikuwa ile ile, na hao wa Kenya hawakuwa na mtambo wa miujiza. Waliambiwa, basi.

Leo wanasema mambo yamebadilika, taarifa za tsunami zinaingia Mamlaka ya Hali ya Hewa. Vizuri. Lakini wewe unayekwenda Coco Beach Jumapili, unajua utaonywa kwa sauti gani, na ukimbilie upande upi? Kama hujui, basi onyo limefika ofisini na limeketi kwenye kiti.

Septemba 10, 2016, saa 9 na nusu alasiri, Bukoba. Nguvu 5.9. Watu wasiopungua 17 wakafa, mamia wakajeruhiwa, nyumba za tofali na udongo zikashuka kama mikate. Mkoa ule uko jirani na tawi la magharibi la Bonde la Ufa, jambo ambalo mwanafunzi wa jiografia anajibu kwenye mtihani. Fundi aliyejenga nyumba zile aliambiwa na nani namna ya kufunga kuta?

Desemba 3, 2023, Katesh. Mlima Hanang, volkano iliyozimika, uliporomosha matope na mawe kwenye mji. Watu 89 wakazikwa. Baada ya hapo ndipo magari ya wakubwa yakapanda, wataalamu wakaeleza kwenye redio kwamba mwamba ulikuwa dhaifu ukanyonya maji. Maelezo mazuri sana. Yametolewa kwa marehemu.

Tukiuliza, wanajibu kwa neno moja: TAHARUKI. Eti wananchi wakiambiwa watapata taharuki. Hebu tuangalie nani anazalisha taharuki. Ule usiku wa 2020 simu zilijaa uongo: linakuja lingine saa 6, msilale ndani. Watu walikesha nje na watoto wachanga. Uongo ule ulipata nafasi kwa sababu ukweli haukuwepo mtaani. Mvua tunatangaziwa kila jioni na hakuna anayezimia.

Hatusemi mtabiri siku. Hakuna mtu duniani anayetaja siku ya tetemeko. Hata Goma, Kongo, mlima Nyiragongo uliwawahi watu mwaka 2021, zaidi ya 30 wakafa. Lakini Goma, mji wenye vita na shida kuliko sisi, wamewahi kuweka barabarani mabango ya rangi kuonyesha hali ya volkano, mpaka mama muuza samaki akayajua. Dar yenye madaraja ya baharini imeshindwa bango?

Na mjue hali yetu. Machi 29, 2013 ghorofa liliporomoka katikati ya Dar, watu 36 wakafa. Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo, likaua zaidi ya watu 20. Ardhi haikutikisika hata kidogo siku hizo. Majengo yameanguka yenyewe! Sasa siku itakapotikisika kweli? Orodha ya majengo mabovu iko kwenye kabati la nani? Anayepanga fremu hapo chini ana haki ya kuiona kabla hajalipa kodi ya miezi sita.

Ramani za miteremko mibovu, mabonde na udongo laini zibandikwe ukutani katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, bure. Hatuombi hisani. Katiba, ibara ya 18, inatupa haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yetu. Tena Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwezi ule ule wa Septemba 2016 Bukoba ilipoanguka. Ukiomba kwa maandishi, ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30.

Kwa hiyo vijana, Jumatatu andikeni. Barua ya mistari mitano inatosha: mtaa wangu uko juu ya ardhi ya namna gani, na jengo nililopanga limekaguliwa lini. Dai wagonge muhuri wa kupokea, bakia na nakala, hesabu siku 30. Zikipita kimya, tuletee nakala hiyo hapa gazetini. Tutachapa tarehe uliyoipeleka na jina la ofisi iliyoipokea.