Atomu Baridi na Mashimo ya Dhahabu

Mwaka 2015 wachimbaji 5 waliokolewa katika mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Katika ukanda wa Shinyanga na Geita, hatari mojawapo ni mashimo ya kale yasiyoonekana juu.

Penye uwazi chini, uvutano wa ardhi hupungua kidogo mno. Atomu zilizopozwa kwa leza, ndani ya chombo kisicho na hewa, huweza kuupima upungufu huo: wimbi la kila atomu hugawanywa katika njia mbili, kisha huunganishwa tena. Atomu ikigongwa njiani, mawimbi hayo hupoteza ulinganifu. Ardhi ikitikisika, kipimo huvurugika. Mwaka 2022 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walitangaza kuwa wamelitambua handaki lililofukiwa, kwa kulinganisha mawingu mawili ya atomu, moja juu ya jingine. Mtikisiko uliyapata yote mawili sawasawa, hivyo ukafutika katika hesabu.

Chombo cha namna hiyo kikifika kwetu, kisitangulizwe kutafuta dhahabu. Kitangulie kutafuta mashimo, kabla mchimbaji hajashuka. Nanyi walimu, msingoje: mawimbi mawili yanayokutana katika karai la maji ni mwanzo wa somo hili.