Usingoje woga uishe

Ndugu vijana wa Sakania, wa Kasumbalesa na wa njia yote ya mupaka,

Kuko mutu kati yetu mwenye kaye inajaa nyimbo, na hakuna mwenye alishasikia hata moja. Mwengine anachora usiku, asubui anaficha karatasi. Ukimuuliza, anajibu: «Haiko muzuri bado.» Woga wetu unalala ndani ya ile neno «bado».

Tunaelewa. Watu watacheka. Mama atauliza: ile kazi italeta bukari? Na ukiimba juu ya mambo ya wakubwa, utalala roho juu. Hatuseme kama woga yote ni ya bure.

Lakini tukumbuke Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji wa Lubumbashi, mwenye alizaliwa 1947. Alichora juu ya gunia za unga, akauzisha picha zake apate kula. Mwaka 1973 na 1974, wakati wa chama kimoja cha Mobutu, alichora historia ya inchi yote, picha karibu 100: Lumumba ndani, Katanga ndani, wakoloni ndani. Mwalimu moja wa université, Johannes Fabian, alizinunua, na mwaka 1996 akazitoa ndani ya kitabu. Muchoraji mwenyewe, tangu miaka ya 1980 hakuna mwenye kujua alienda wapi. Kazi yake iko.

Hakungoja kitambaa cha bei. Alimaliza moja, akauzisha, akaanza ingine. Mukono unajifunza pale, hapana ndani ya «bado».

Na sisi? Reli ilifika Sakania mwaka 1909, ikafika Lubumbashi 1910. Mupaka leo makamyo ya shaba yanapita mbele ya macho yetu. Nani amechora ile? Nani ameiimba? Tukinyamaza, wengine watatusimulia vile wanataka.

Basi tunaomba: juma hii, maliza kitu kimoja, hata kifupi. Onyesha watu wawili wenye unaamini. Waseme kitu kimoja cha kutengeneza, kisha anza kingine. Kama kazi yako inagusa wakubwa, usiende peke yako: wachia wenzako kopi, tutasimama pamoja. Na sisi wenye kusikiliza, tuache kucheka mutu mwenye anaanza.

Woga utakuja naye. Umuwekee kiti pembeni, halafu uendelee na kazi.