Maktaba Ije Kwenye Simu ya Mama

Akina mama wapendwa, mwezi huu tuache kidogo habari za surua na minyoo, tuzungumze juu ya maktaba. Msishangae, mtaona kwamba sijaenda mbali na zahanati.

Je, mnaukumbuka ule ujumbe wa "P/500"? Ulienea katika nchi nyingi mwaka 2017, na kila mara hufufuka kwenye makundi ya WhatsApp. Unasema usinywe parasetamoli nyeupe yenye maandishi hayo, eti ina virusi vya Machupo. Ni uongo mtupu. Machupo ni ugonjwa wa huko Bolivia, Amerika ya Kusini, na huenezwa na panya. Kidonge kikavu si mahali pa virusi kuishi. Mamlaka ya dawa ya Indonesia iliukanusha mwaka ule ule. Lakini mama aliye Jibondo, mtoto akichemka homa usiku, habari hiyo ya Indonesia ataipata wapi? Anatupa vidonge. (Na tukumbuke, parasetamoli hushusha homa tu. Kukicha, mtoto apelekwe akapimwe malaria.)

Hapo ndipo ninapoiona kazi ya maktaba. Tangu zamani maktaba ya umma ina meza ya maulizo. Mkutubi hakuandikii dawa, bali hukutafutia jibu la kuaminika na kukuonyesha limetoka wapi. Meza hiyo ingeweza kuhamia kwenye simu: namba moja ya WhatsApp, mkutubi mmoja wa zamu, na saa zinazojulikana. Mama anatuma ule ujumbe wa P/500, na kabla ya jioni anajibiwa, kwa maneno mafupi ambayo naye atayapeleka kwenye kundi lile lile lililomtisha.

Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Ni hazina kubwa, ila kwetu sisi wa Mafia kuifikia ni boti kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kisha gari. Wenzetu wa Garissa, Kenya, walipoona wafugaji hawafiki maktaba, mwaka 1996 walianza kuwapelekea vitabu kwa ngamia. Ngamia havuki bahari, lakini simu inavuka.

Kurasa nyingi za ofisi za umma nilizozipitia Facebook zimejaa picha za mgeni rasmi akikata utepe. Utepe haumsaidii mama. Afadhali maktaba itangaze vitabu vipya, ituonyeshe namna ya kusoma vitabu vya shule katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na itutumie hadithi za African Storybook, ambazo tangu 2014 hutolewa bure, zikiwemo za Kiswahili. Hadithi ikisomwa kwa sauti na kurekodiwa, hata mama asiyejua kusoma ataisikiliza na wanawe baada ya kutoka kwenye mwani. Bando ni ghali, kwa hiyo picha ziwe ndogo na video ziwe chache. Mmoja wetu mwenye simu kubwa akishapakua, wengine tunarushiana kwa bluetooth bila gharama.

Jambo moja nalisisitiza kama muuguzi. Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu huona namba yako na swali lako. Mama akiuliza juu ya uzazi wa mpango au kipimo cha UKIMWI, kijiji kizima kitajua kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo matangazo yatolewe kwenye chaneli, ambako wafuasi hawaonani namba, na maswali yaende faraghani kwa mkutubi. Naye ayafiche kama sisi tunavyoficha kadi za wagonjwa, na yale ya matibabu ayaelekeze zahanati.

Mwenye kitochi asiachwe nyuma. Kwake ujumbe mfupi wa kawaida unatosha.

Haya hayatakuja yenyewe tusipoyadai. Basi ukivuka kwenda bara kwa harusi au matibabu, ingia maktaba ya umma utakayoikuta, umwulize mkutubi: "Je, mna namba ya kuulizia kwa simu?" Kama hawana, mwachie yako.